Bundi Kabla ya Magharibi: Uchambuzi wa Kisa cha Kumtambua Ndege Kando ya Nyumba

Usuli

Nyumba inayohusika iko ukingoni mwa mji unaokua kwa kasi kusini mwa Nairobi, kwenye uwanda wa Athi na Kapiti, mahali ambapo udongo ni mweusi, hunata miguuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi hadi mtu akaweza kuingiza mkono katika mipasuko yake. Majina ya watu, jina la mtaa na tarehe kamili vimeondolewa. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu ambaye majirani wote humwita Mwalimu, na hapa ataitwa hivyo hivyo. Anaishi na mama yake mzazi aliyekulia pwani, pamoja na mjukuu wa kiume wa miaka 11. Roshani ya nyumba hiyo hutazama mashariki, na ng'ambo ya ua kuna kiwanja cha jirani kisichojengwa, cha ekari mbili hivi, ambacho baada ya mvua za vuli kilikuwa kimejaa nyasi za kufika kiunoni. Kupita kiwanja hicho kuna viwanja vingine vitupu, kisha uwanda wenyewe.

Mwalimu hakuwa mgeni wa ndege. Alikuwa na darubini ya zamani na daftari lenye orodha ya ndege aliowaona kutoka nyumbani kwake, na katika orodha hiyo bundi alikuwa mmoja tu, aliyemsikia usiku bila kumwona. Mimi nilihusika kwa sababu Mwalimu alinipigia simu. Nimekuwa nikiwasaidia watu kutambua ndege kwa miaka kadhaa, jambo ambalo, kama itakavyoonekana, halikunizuia kukosea mara mbili.

Ni lazima kwanza kuyapanga majina, kwa sababu neno letu "bundi" limebeba ndege wengi wasiofanana kwa umbo wala kwa tabia. Katika andiko hili nitamwita Tyto alba bundi wa majumbani, yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo ambaye hulala darini, kwenye minara na katika majengo yaliyoachwa. Nitamwita Tyto capensis bundi wa majani, ndugu yake wa karibu, mwenye uso ule ule wa moyo lakini mgongo wa kahawia iliyokolea, ambaye hulala na kutaga chini kwenye nyasi ndefu. Na nitamwita Asio capensis bundi wa mbuga, ndege wa kahawia wa urefu wa sentimeta 35 hivi, mwenye uso wa mviringo na macho meusi, ambaye pia hulala na kutaga chini kwenye nyasi. Msomaji ataona kwamba hawa wawili wa mwisho wanashiriki jina capensis, lenye maana ya kutoka Rasi, yaani kusini mwa Afrika. Wanasayansi walipowapa jina hilo hawakudhani litamchanganya mtu, lakini lilituchanganya.

Mfuatano wa matukio

Jioni ya kwanza, katika juma la kwanza la Februari, mjukuu alimwita Mwalimu akisema, "Babu, njoo uone mwewe anayetafuta kitu alichopoteza." Ilikuwa saa kumi na mbili na robo, na jua lilikuwa bado halijatua. Ndege alikuwa akiruka chini sana juu ya nyasi za kiwanja cha jirani, akienda hadi mwisho wa kiwanja, akigeuka na kurudi kwenye mstari mwingine, kama mtu anayelima matuta. Mwalimu aliwaza mara moja kipanga wa nyasi, wa jenasi ya Circus, kwa kuwa ndege hao hufika uwandani kutoka Ulaya na Asia kuanzia Oktoba na hukaa hadi Aprili, na yeye mwenyewe alikuwa amemwona mmoja siku chache kabla. Alipoinua darubini aliona kwamba ndege huyu hakuwa na shingo. Kichwa kilikuwa kikubwa na butu, kimekaa moja kwa moja juu ya mabega, na mabawa yalipiga polepole bila sauti yoyote. Baada ya dakika tatu alishuka ghafla kwenye nyasi na hakuonekana tena.

Mwalimu alinipigia simu usiku huo huo. Akasema ameona bundi mchana. Nami, kabla sijamsikiliza hadi mwisho, nilimuuliza, "Uso wake ulikuwa mweupe, wenye umbo la moyo?" Akanyamaza kidogo, akajibu kwamba anadhani ndivyo ulivyokuwa. Nikamwambia huyo ni bundi wa majumbani na kwamba huenda ameanza kulala kwenye dari yake. Simu ilikwisha kwa kuridhiana.

Jioni ya tatu ndege alirudi, na safari hii alitoa sauti. Mama yake Mwalimu alikuwa amekaa barazani na, bila kumwona, alisema, "Mwanangu, huyo ni mpasuasanda, mwacheni apite." Sauti aliyoisikia ilikuwa ya kukwaruza, kama kitambaa kikavu kinachochanwa. Jina hilo la mpasuasanda limetokana na sauti, na watu wamewapa ndege wa usiku wa aina zaidi ya moja. Kwa hiyo halikutuambia ni ndege gani, ila lilituambia kwa usahihi jinsi alivyolia. Wakati huo huo mlinzi wa kiwanja cha jirani, aliyesikia kwamba kuna bundi, aliokota mawe na kuanza kuyarusha nyasini, akisema ndege wa uchuro hafai kuachwa karibu na makazi. Mwalimu alimsihi aache, naye akaacha kwa heshima ya mvi zaidi ya hoja.

Siku ya nne nilikwenda mwenyewe. Tulianza na nyumba, kwa kuwa nilikuwa nimeshasema ndege analala darini. Tulipanda darini kwa tochi, tukakagua mnara wa tangi la maji na kibanda cha jenereta. Bundi wa majumbani anapokaa mahali huacha madoa meupe ya kinyesi ukutani na, chini yake, vidonge vya manyoya na mifupa ya panya anavyovitapika baada ya kusaga mawindo tumboni. Hapakuwa na doa wala kidonge. Darini palikuwa na vumbi la miaka na alama za nyayo za panya, ambazo zenyewe zilikuwa ushahidi kwamba hakuna bundi aliyekuwa akila humo.

Jioni hiyo nilimwona ndege kwa macho yangu, saa kumi na mbili na dakika ishirini, na papo hapo nikakosea kwa mara ya pili. Nilikuwa nimesimama kwenye lango upande wa mashariki wa kiwanja, nikitazama magharibi, jua likiwa usoni mwangu. Niliona ndege mwenye mgongo mweusi na tumbo la kung'aa, na nikasema kwa sauti, "Capensis!" Nilimaanisha Tyto capensis, bundi wa majani, ndege ambaye watu wengi wanaofuatilia ndege nchini Kenya hupita miaka bila kumwona. Mwalimu aliandika neno capensis kwenye daftari. Aliporudi ndani na kufungua kitabu chake cha ndege, alikuta bundi wawili wenye jina hilo, akachagua wa pili, yaani Asio, kwa sababu, kama alivyonieleza asubuhi yake, "miguu haikuonekana nyuma ya mkia."

Kauli hiyo ndiyo iliyobadilisha mwelekeo wa kisa hiki. Bundi wa majani ana miguu mirefu, na anaporuka vidole vyake huchomoza nyuma ya mkia kwa kiasi cha kuonekana. Mwalimu alikuwa ametazama kutoka roshani, jua likiwa nyuma yake, na kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusahihisha daftari za wanafunzi alikuwa ameandika mambo tisa kuhusu ndege huyo bila kuandika jina hata moja, ila lile neno langu. Mimi nilikuwa na jina moja na sikuwa na jambo hata moja.

Siku ya tano tuliingia nyasini, tukafuata mahali ambapo ndege alikuwa akishukia. Tulikuta nyasi zilizolazwa na kuwa kama kitanda kidogo chenye paa la nyasi zilizosimama, kinyesi cheupe pembeni, na unyoya mmoja wa bawa. Unyoya ule ulikuwa wa rangi ya kaki yenye mistari ya kahawia, na ulipopitishwa kidole juu yake ulihisi kama mahameli. Ukingo wa mbele ulikuwa na meno madogo kama ya kitana, na ukingo wa nyuma ulikuwa na nyuzi laini zilizochanuka. Hayo ndiyo yanayovunja upepo juu ya bawa la bundi na kumfanya aruke bila sauti, na Mwalimu alimpa mjukuu aupunge karibu na sikio, kisha aupunge unyoya wa kuku, ili asikie tofauti. Unyoya ulithibitisha kwamba ndege alikuwa bundi. Haukutosha kutuambia ni bundi yupi.

Siku ya tisa Mwalimu alipata picha. Alikaa roshani tangu saa kumi na mbili kamili, kamera ikiwa juu ya mto wa kiti, na ndege alipopita akiwa amegeuka upande, mwanga wa jua linaloshuka ulimpiga ubavuni. Jioni hiyo walikuwa wawili, na mmoja alifukuzwa na kunguru wa shingo nyeupe. Kunguru akawa kipimo: mwili wa bundi ulikuwa mdogo kuliko wa kunguru, lakini mabawa yalionekana marefu kupita kiasi kwa mwili ule.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutotumia sauti iliyorekodiwa kumwita ndege. Ni njia rahisi, na ingetupa jibu jioni ya nne. Lakini ndege anayelala chini na ambaye huenda ana kiota karibu huweza kutoka alipo kuja kumkabili mpinzani asiyekuwapo, na kwa kuwa ndege huyu alijitokeza kukiwa bado na mwanga, hapakuwa na haja ya kumlazimisha.

Uamuzi wa pili ulihusu mahali pa kusimama. Machweo katika sehemu hizi za karibu na ikweta ni mafupi. Tangu jua kutua hadi giza la kutotambua rangi hupita dakika kama 20 tu. Tuliamua kutumia nusu saa ya mwisho kabla ya jua kutua, kutoka roshani peke yake, jua likiwa nyuma yetu, na kutotilia maanani rangi yoyote iliyoonekana kutoka upande wa lango.

Uamuzi wa tatu, ambao ulipaswa kuwa wa kwanza, ulikuwa kuzungumza na jirani mwenye kiwanja. Alikuwa amepanga kufyeka nyasi na kuzichoma mwishoni mwa mwezi. Mwalimu alimwendea na picha mkononi. Hakumwambia habari za uhifadhi. Alimwambia kwamba ndege hawa wanakula panya, na kwamba panya wakikosa nyasi watahamia stoo. Jirani alikubali kusubiri majuma matatu na kufyeka kwa mkono badala ya kuchoma, ili chochote kilichomo kiweze kutoka.

Tuliamua pia kutotaja mahali hasa kwa watu wengi. Kumekuwa na uvumi kwamba mayai ya bundi yana mnunuzi wa bei kubwa, na uvumi wa namna hiyo hauhitaji kuwa kweli ili kumtoa mtu nyumbani kwake na panga. Rekodi ilipelekwa kwenye Ramani ya Ndege ya Kenya, ambayo hugawa nchi katika miraba ya dakika 5 kwa 5 za longitudo na latitudo, yaani takriban kilomita 9 kila upande. Kiwango hicho kinatosha kwa sayansi na hakimwelekezi mwindaji.

Matokeo

Picha zilionyesha mambo manne kwa pamoja: doa pana la rangi ya kaki kwenye mzizi wa manyoya makuu ya nje ya bawa, alama nyeusi kwenye kifundo cha bawa kwa upande wa chini, kifua cha kahawia kilichokatika wazi dhidi ya tumbo lililopauka, na uso wa mviringo uliopauka, wenye macho meusi yaliyozungukwa na weusi. Miguu haikuvuka mkia. Ndege alikuwa Asio capensis, bundi wa mbuga, na majibu ya watu wawili wazoefu waliotumiwa picha bila kuambiwa dhana yetu yalikuwa hayo hayo.

Ndege waliendelea kuonekana kwa majuma matatu, mara nyingi mmoja, mara mbili wakiwa wawili. Nyasi zilipofyekwa hawakuonekana tena kwenye kiwanja hicho, na miezi miwili baadaye kiwanja kilizungushiwa nguzo za zege.

Uchambuzi

Swali lililotusumbua mwanzoni, kwamba bundi huyu anatafuta nini nyumbani kwa watu, liliulizwa kinyume. Bundi wa mbuga ni mkazi wa nyasi za wazi na kingo za vinamasi; anajulikana vizuri katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ambayo imefungwa kwa uzio pande tatu na kuachwa wazi upande wa kusini kuelekea uwanda huu huu. Ndege hakuwa amekuja nyumbani kwa Mwalimu. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa imejengwa mahali ambapo ndege alikuwa akiwinda, na kiwanja cha jirani kilikuwa kipande cha mwisho kilichobaki na nyasi za urefu unaomfaa. Laiti ningetazama ramani kabla ya kutazama dari, ndege huyu angekuwa wa kwanza katika orodha ya waliotarajiwa, na tusingemwona kuwa mgeni asiyetarajiwa.

Kosa langu la simu linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu lilikuwa kosa la kuuliza. Swali langu lilibeba jibu ndani yake. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba hakuwa ameuona uso vizuri jioni ile, lakini nilipoutaja uso mweupe wa umbo la moyo, aliuona akilini, na kwa siku tatu aliamini kwamba aliuona kwa macho. Shahidi mwangalifu kama yeye aliharibiwa na swali moja la mtu anayemheshimu. Swali lililofaa lilikuwa: "Niambie alivyoruka." Kwa bundi anayeruka, uso ni kitu cha mwisho kuonekana; mwendo wa mabawa, urefu wa kuruka, saa, na kile kinachochomoza au kisichochomoza nyuma ya mkia huonekana mapema zaidi na kwa mbali zaidi.

Kosa la pili lilikuwa la tamaa, na sina jina lingine la kulipa. Niliona mgongo mweusi na tumbo jeupe kwa sababu jua lilikuwa usoni. Ndege yeyote wa kahawia akitazamwa hivyo mgongo wake huingia gizani na mwanga hupenya kwenye manyoya ya chini. Nilijua hilo. Lakini bundi wa majani ni adimu, nami nilitaka awe yeye. Saa peke yake ilipaswa kunizuia, kwa kuwa bundi wa majani kwa kawaida husubiri giza, ilhali bundi wa mbuga huanza kuwinda jua lingalipo. Sauti nayo ilikuwa imeshakuja: bundi wa majani akiwa angani hutoa mfululizo wa milio mifupi inayofanana na nyenje, na hakuna sikio litakaloifananisha na sanda inayochanwa. Mama mzee aliyekaa barazani alikuwa ametoa ushahidi bora kuliko wangu, nasi tuliuweka kando kwa sababu ulikuja ukiwa umevaa jina la uchuro.

Ni vizuri pia kusema kwamba doa la kaki kwenye bawa, ambalo vitabu hulitia mkazo, lisingetosha peke yake, kwa maana bundi wa majani naye ana doa kama hilo, ingawa dogo zaidi. Ilikuwa ni kule kukutana kwa alama kadhaa katika picha moja, pamoja na miguu, saa na sauti, kulikofunga shauri.

Kilichofaa zaidi ni daftari. Mwalimu aliliweka katika safu: saa, upande wa jua, urefu wa kuruka, mabawa, mkia, miguu, sauti, alichofanya mwishoni. Safu ya jina ilikuwa ya mwisho kulia, na aliiacha tupu kwa siku nane, ukiondoa lile neno langu moja ambalo baadaye alilikata kwa mstari mwekundu. Upekuzi wa darini nao haukuwa hasara, ingawa ulitokana na dhana mbovu. Ukosefu wa vidonge na kinyesi uliondoa uwezekano mmoja kwa njia ambayo mtu mwingine angeweza kuikagua.

Kuingia nyasini siku ya tano sikutetei. Tulipata unyoya mzuri na somo zuri kwa mtoto, lakini tulikanyaga mahali ambapo ndege wa aina hii hutaga mayai chini nyasini, na hatukuwa na namna ya kujua kama yapo. Hadi leo hatujui. Kuonekana kwa ndege wawili pamoja hakutoshi kusema walikuwa na kiota, na baada ya siku ile ya tano hakuna aliyeingia tena kutazama, hadi siku ya wafyekaji, ambao waliulizwa na kusema hawakukuta kitu. Rekodi iliyopelekwa inasema: ndege wawili, wakiwinda kabla ya magharibi, hakuna dalili ya kuzaa iliyothibitishwa.